Fundi wa kuhamisha santuri, Majengo Moshi: nilimpelekea Schumann-Heink

Kwa wote wenye santuri za zamani, zile nzito nyeusi zinazopasuka kama sahani, zimekaa tu kwenye maboksi huku Moshi na Arusha, kuna fundi Majengo anazihamishia kwenye flashi na kazi yake ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuona huku kaskazini. Nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nitaieleza huko chini. Bei ni elfu nane upande mmoja wa santuri, ukiwa na mzigo mkubwa anapunguza, flashi unakuja na ya kwako. Najua si hela ndogo, lakini soma uone anachokifanya ndo useme ni ghali.

Nilichompelekea ni santuri za mama mmoja anaitwa Ernestine Schumann-Heink, mwimbaji wa opera, ile michezo ya kuigiza ambayo maneno yake yanaimbwa. Wengi hamumjui, alifariki 1936, ila kama upo kwaya na unaimba sauti ya pili, yaani alto, huyu mama ni wa kwako kabisa. Zilikuwa kwenye kasha la mama mkubwa wangu, aliachiwa na sista mmoja Mjerumani waliyekuwa wanafanya naye kazi wodini miaka hiyo, sista akarudi kwao, gramafoni ikafa, santuri zikabaki chini ya mashuka. Nyingine zina ile chapa ya mbwa anasikiliza pembe la gramafoni, chapa ileile ya santuri Siti binti Saad alizoenda kurekodi Bombay mwaka 1928, kwa hiyo mwenye za Siti nyumbani haya yote yanakuhusu na wewe, tena zako zipeleke haraka.

Mi nafundisha kwaya, na kitu kinachoniuma miaka yote ni sauti ya pili. Kila binti anataka soprano, mwenye sauti nzito anajiona kapunjwa, anaishia kujibana koo ili apande juu au anaambiwa akae na wanaume kwenye sauti ya tatu basi. Nilitaka hawa dada zangu wamsikie mtu aliyeishi kwa sauti nzito zaidi ya miaka hamsini kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani, na wamsikie vizuri, maana klipu nyingi za huyu mama ukizipata mtandaoni zimepigwa kwa spidi ya ovyo, anasikika kama kabinti.

Na hapo ndo ubora wa huyu fundi ulipo, kwenye spidi. Watu wanadhani santuri zote za zamani ni mizunguko 78 kwa dakika, ukibonyeza 78 umemaliza. Kumbe zile zilizorekodiwa kabla ya 1925 kila studio ilikuwa na yake, nyingine 74, nyingine 76, nyingine 80, hakukuwa na kipimo kimoja. Sasa santuri iliyorekodiwa kwa 74 ukiipiga kwa 78 sauti inapanda karibu nusu toni nzima na wimbo unakimbia, mtetemo wa sauti unakuwa wa haraka haraka, mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu anageuka mtoto wa shule. Fundi huyu ana pleya ya kurekebisha spidi kidogo kidogo na pembeni kaweka kinanda. Anapiga santuri, anabonyeza noti, kama sauti imeangukia katikati ya noti mbili anajua spidi si yenyewe, anashusha, anasikiliza tena, halafu anasikiliza maneno, anasikiliza pumzi. Santuri ya kwanza tulikaa nayo muda mrefu sana. Akaisimamisha katikati akaniuliza, "Mwalimu, hebu sikiliza hapa, huyu mama anaimba au anakimbizwa?" Nikamwambia anakimbizwa. Akashusha tena kidogo. Aisee ile sauti ilivyokaa mahali pake, ya kifuani kabisa, nene, halafu ikapanda juu bila kukatika popote, nilinyamaza.

Hiyo santuri ilikuwa ya Fidès, mama kwenye opera ya Meyerbeer inaitwa Le prophète. Kisa kifupi, kijana kalazimishwa kuchagua, amtoe mchumba wake au mama yake auawe, anamtoa mchumba, na mama anamwimbia kumbariki. Wimbo wote ni mama anamwambia mwanae ubarikiwe, na ukiusikiliza kwa spidi yake sahihi unasikia jinsi anavyokaa kwenye noti za chini bila kuzisukuma, hapigi kelele, anaachia tu uzito wa sauti ufanye kazi. Nimewapigia dada zangu wa sauti ya pili hiyo sehemu mara nyingi sana na bado nitaipiga.

Na hiyo Fidès ndo moja ya nafasi za kuigiza zilizomtoa. Huyu mama alizaliwa 1861 Libeň, pembeni ya Prague, enzi hizo ni dola ya Austria, baba ni ofisa wa jeshi lakini nyumbani hela hakuna. Kuna kisa mwenyewe alikuwa anakisimulia, kwamba alienda kujaribiwa sauti kwenye opera ya Vienna akiwa binti mdogo, mkurugenzi akamwangalia akamwambia kwa sura hiyo huwezi kuwa mwimbaji, rudi nyumbani ukanunue cherehani. Oktoba 1878 akapanda jukwaani Dresden, Ujerumani, akiwa na miaka 17, akacheza Azucena kwenye Il trovatore ya Verdi. Miaka 17 na anaigiza mama mtu mzima wa Kijipsi, yule aliyechanganyikiwa kwa uchungu akamtupa motoni mwanae mwenyewe akidhani ni mtoto wa adui! Ndo maisha ya sauti nzito kwenye opera hayo, soprano anapewa mchumba, wewe unapewa mama, bibi, mchawi, au wanakuvalisha suruali ucheze mvulana. Huyu alizichukua zote na akazifanya watu waje kumwona yeye.

1882 akaolewa na Heink, aliyekuwa mfanyakazi wa hapohapo opera ya Dresden, wakafukuzwa kazi wote wawili kwa sababu mkataba ulikuwa haukuruhusu kuoa na kuolewa bila ruhusa. Wakahamia Hamburg. Kule akawa anapewa vinafasi vidogo vidogo, watoto wanne, na baadaye ndoa ikavunjika. Sasa Hamburg palikuwa na nyota wao wa sauti nzito, Marie Götze, siku moja akagombana na mkurugenzi, mkurugenzi kwa hasira akamwita Ernestine akamwambia nafasi ya Carmen unaimba wewe, bila mazoezi. Akaimba, watu wakamshangilia. Götze akasusa na kesho yake, na kesho yake ilikuwa ndo hiyo Fidès, Ernestine akaingia. Usiku wa tatu ni Ortrud kwenye Lohengrin ya Wagner, akaingia tena bila mazoezi. Nafasi kubwa tatu usiku tatu mfululizo, baada ya hapo wakampa mkataba wa miaka kumi. Dada zangu huwa nawaambia jamani yule alikuwa anajua nafasi za watu wengine nzima nzima wakati hakuna aliyemwomba azijue, ndo maana mlango ulipofunguka alikuwa tayari amevaa viatu.

Baada ya hapo ni barabara ndefu na siimalizi hapa. 1892 alienda London na kundi la Hamburg, anayeongoza orkestra ni Gustav Mahler mwenyewe, yule mtunzi mkubwa wa muziki. Kuanzia 1896 mpaka 1914 alikuwa anaalikwa kuimba Bayreuth, Ujerumani, kule kwenye jumba alilolijenga Wagner kwa ajili ya opera zake. 1893 alishaolewa mara ya pili na mwigizaji anaitwa Paul Schumann, hapo ndo jina likawa refu, na watoto wakaongezeka. Novemba 1899 akaimba Ortrud Chicago, Januari 1900 akaingia Metropolitan Opera ya New York kwa Ortrud huyohuyo. Ortrud ni mke mwenye hila na uchawi, kuna sehemu anaita miungu ya zamani ije imsaidie kulipiza kisasi, na sauti ikiwa nyepesi pale hapaogopeshi mtu.

Santuri ya pili ambayo fundi aliitendea haki ni ya wimbo wa karamu kutoka Lucrezia Borgia ya Donizetti. Hapa mama anaigiza kijana wa kiume, Orsini, ameshika bilauri anaimba kwamba siri ya kuishi kwa furaha anaijua yeye, na hajui kwamba divai wameshaitia sumu. Kwenye huu wimbo kuna mahali anatetemesha sauti kati ya noti mbili zilizopakana, haraka na sawasawa, kila noti unaisikia, halafu anaishikilia muda mrefu mpaka unatafuta kaenda kupumulia wapi. Sauti nzito kama ile kuwa nyepesi hivyo ni kazi ya miaka. Nilimwomba fundi aniwekee na nakala ya spidi ya 78 kavu ili nilinganishe, akaniwekea bila kunidai hela ya ziada. Ile ya 78 inafurahisha, lakini mtetemo unakuwa kama wa mashine, ile aliyoirekebisha unasikia mtu.

Sasa nieleze kidogo anavyoziosha maana hapa ndo wengi wanaharibiwa mali zao. Hizi santuri zimetengenezwa kwa utomvu unaotolewa na wadudu, si plastiki, na spiriti inauyeyusha. Kabla sijampata huyu nilishapeleka moja kwa mtu mwingine mjini, simtaji, aliifuta kwa spiriti mbele yangu, ule uso uliokuwa unang'aa ukafa ukawa kama umepakwa majivu, na ukiipiga sasa hivi ni mchakacho tupu kama mvua kwenye bati. Ilikuwa santuri nzima kabisa. Sijasahau. Huyu wa Majengo anatumia maji ya betri, yale masafi yasiyo na asidi, anadondoshea sabuni ya maji kidogo sana, brashi laini, anafuata mfereji kuzunguka na wala hakati kwenda katikati, karatasi ya chapa haiguswi na maji hata tone. Halafu anazisimamisha wima juu ya kitambaa cha pamba zikauke zenyewe, jua hapana. Uchafu uliotoka kwenye hizo za mama mkubwa ulikuwa wa kahawia kama chai. Na sindano pia anabadilisha, ana ya santuri hizi peke yake, nene karibu mara tatu ya ile ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye, maana ya LP inazama mpaka chini ya mfereji inakwangua takataka badala ya kusoma kuta. Vilevile pleya yake anaiendesha kwa betri, haichomeki ukutani, maana umeme ukicheza mota nayo inacheza na sauti inayumba.

Santuri ninayoipenda kuliko zote kwenye mzigo ni Usiku Mtakatifu kwa Kijerumani, Stille Nacht. Huu wimbo tunaujua wote, kwenye sharika zetu huku mlimani uliletwa na Wajerumani wenyewe. Nilikuwa nazo mbili, moja ya zamani ya pembe na nyingine ya baada ya 1925 walipoanza kutumia maikrofoni. Hiyo ya pembe, mwimbaji alikuwa anasimama mbele ya pembe kubwa la bati, sauti yake ndo inatikisa sindano inachora kwenye nta, hakuna umeme wowote, ukipiga noti kali unarudi nyuma usiharibu, vyombo vya nyuzi havisikiki vizuri basi wanajaza matarumbeta. Nguvu zote ni za mtu mwenyewe. Kwenye ya maikrofoni mama ni mzee tayari, sauti imepungua mwanga, lakini chumba unakisikia na pumzi unazisikia. Fundi kazipanga zifuatane kwenye flashi, wazo lake mwenyewe, mi sikumwomba.

Na huo wimbo kwake haukuwa wa kupita. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta ana watoto pande zote mbili. Mtoto wake mkubwa August alikuwa jeshi la maji la Ujerumani, kwenye nyambizi, wadogo zake walikuwa upande wa Marekani, na August hakurudi. Wakati Waingereza wanaingia hapahapa Moshi Machi 1916 kuwaondoa Wajerumani, huyu mama yuko Marekani na mwanae yuko upande wa Ujerumani, kila habari ya vita kwake ni mashaka. Marekani walipoingia vitani akazunguka kuimbia wanajeshi na kuchangisha hela, wale vijana walikuwa wanamwita mama. Na kuanzia 1926 kila Krismasi alikuwa anauimba Usiku Mtakatifu redioni Marekani, nchi nzima inasubiri, mpaka karibu na kifo chake. Ukishajua hayo halafu ukasikia anavyoanza ule ubeti wa kwanza chini kabisa, polepole, bila madoido yoyote, ni kitu kingine. Mama mkubwa alipousikia kwenye spika aliimba naye Kijerumani mpaka mwisho, na mimi sikuwahi kujua kwamba anajua maneno.

Nusu nyota niliyokata ni hii. Hiyo Stille Nacht ya pembe mara ya kwanza aliniletea amepitisha programu ya kuondoa kelele kwa nguvu mno. Kweli mchakacho uliisha, lakini na sauti imeliwa, herufi s zimepotea, mwisho wa kila mstari unazama kama mtu kafunikwa blanketi. Nilimrudishia, akarudia bila ubishi wala malipo, akaondoa milio mikubwa ya mikwaruzo peke yake akaacha ule mvumo wa chini. Hiyo ya pili ndo safi. Kwa hiyo mkienda mwambieni mapema kabisa kelele apunguze kidogo tu, na mwombe na faili ghafi ambalo halijaguswa, anatoa bure ukiomba, usipoomba hakupi.

Jambo lingine la kujua ni kwamba hana haraka. Akikwambia wiki ijayo jua ni ile inayofuata. Kwangu halikuwa tatizo maana kasha lilishakaa miaka, ila kama una msiba au sherehe unataka nyimbo za mzee zipigwe, peleka mapema. Simu anapokea na anasema ukweli amefikia wapi.

Wapo wataoniuliza kwa nini hakuna Klytämnestra kwenye flashi yangu. Hiyo ndo nafasi yake inayotajwa sana kwenye vitabu, malkia aliyemuua mumewe na sasa halali kwa ndoto mbaya, kwenye Elektra ya Richard Strauss. Yeye ndo wa kwanza kabisa kuiigiza, Dresden tarehe 25 Januari 1909. Inasimuliwa Strauss kwenye mazoezi alikuwa anawaambia orkestra pigeni kwa nguvu zaidi, bado namsikia Heink. Hakuipenda, aliona inaua sauti, na hakutaka kuirudia. Kwenye kasha haimo na mi naona sawa tu.

Ninachosikitika kukikosa ni Erda. Huyo ni mama wa ardhi kwenye opera za Wagner, anachomoza kutoka chini mpaka kiunoni kumwonya mungu mkuu aiache ile pete iliyolaaniwa, hakai jukwaani muda mrefu lakini akiimba kila kitu kinasimama. Schumann-Heink hela zake nyingi zilipotea kwenye mporomoko wa soko la hisa la New York 1929, akarudi kazini wakati wenzake wamepumzika, na tarehe 11 Machi 1932 akaimba Erda kwenye Siegfried hapohapo Metropolitan, ana miaka 70. Toka Azucena wa Dresden ni miaka 53 na ushee. Mwenye santuri yoyote ya Erda wake huku Kilimanjaro au Arusha aniambie, gharama ya fundi nitalipa mimi, nakala tutagawana.

Kufika kwake shukeni Majengo halafu ulizeni fundi wa gramafoni, bodaboda wote wanamjua. Santuri zibebeni zimesimama wima kwenye boksi, kila moja kwenye karatasi yake, katikati mweke magazeti, msizilaze moja juu ya nyingine hasa mkitoka Arusha maana matuta ya njiani ni mengi. Msiziache kwenye gari juani, zinapinda. Na msizifute nyumbani kwa kitu chochote, mpelekeeni na vumbi lake.

Jumamosi jioni baada ya mazoezi nawapigia sauti ya pili hizo faili, kanisani kwetu, spika kubwa. Wa kwaya nyingine mnakaribishwa, njooni na flashi zenu mnakili.